Nimevuka Shimo Refu kwa Miguu

Mwanangu Enelesi,

Salamu siandiki, maana nakusikia hapo upande wa pili wa ukuta ukicheka na mama yako, na mtu anayecheka hivyo si mgonjwa. Nimekaa kwenye benchi langu la kuzibia pancha, karatasi nimeitandika juu ya tairi, kalamu nimeazima kwa dereva anayesubiri gurudumu lake. Utasema Mjomba amepata wazimu, ukuta mmoja tu umetutenga halafu ananiandikia barua. Sababu ninayo. Mdomo wangu unaujua. Nikikuita hapa nianze kusema, kabla sijafika katikati mamba ataingia, kiboko atafuata, utacheka, mimi nitacheka, na habari yenyewe itakuwa imetoroka. Kalamu ni nzito. Haiwezi kukimbia kama ulimi wangu.

Habari yenyewe ni hii: nimevuka Shimo Refu kwa miguu.

Soma tena. Si kwa tyubu, si kwa kuogelea. Suruali nimeikunja, viatu nimevishika mkononi, nimeingia upande wa jiwe na kutokea upande wa pili. Katikati, pale ambapo wewe ulikuwa ukizama mpaka nywele zinapotea na mimi naanza kuomba Mungu, maji yalinifika gotini. Nilisimama pale nikatazama chini, kisha nikatazama juu kama vile kuna mtu wa kuniambia nimekosea njia. Sikukosea njia. Mpaka leo nikifumba macho nasikia ule mchanga ukinitekenya nyayo, na moyo unaruka kama nimekosa ngazi gizani.

Mambo ya safari yako siyagusi. Mama yako amekwisha kukuambia pasi ya kusafiria uifunge kiunoni, usibadilishe fedha kwa wale vijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanaokimbilia madirisha ya basi, usile chakula cha mtu usiyemjua, usali. Ameyasema asubuhi, ameyasema mchana, na hapa namsikia anaanza upya. Mimi nina hili moja tu.

Wewe unanijua kwa hadithi. Nani Tunduma hii asiyenijua? Darasa la tano niliacha mwenyewe, na mwalimu mkuu alinifuata mpaka njiani akinibembeleza. (Mama yako akikuambia alinifuata na fimbo, mwache, yeye alikuwa mdogo.) Nilikuwepo hapa Tunduma ilipokuwa vibanda vichache na kizuizi cha mti barabarani. Biashara ilipofunguliwa, malori yakaanza kupanga foleni kutoka mpakani mpaka Chapwa, kila mtu akakimbilia kuuza wali na soda. Mimi nikawatazama wale madereva wamelala chini ya matela yao wakisubiri karatasi za forodha, siku zinapita, wanahesabu nzi. Nikajiambia, hawa watu hawana njaa. Wamechoka kukaa. Nikachukua tyubu kubwa za magurudumu ya nyuma, nikaziziba, nikazijaza upepo, nikawapakia watu kwenye pikapu mpaka mtoni. Nani mwingine aliwaza hivyo? Taja mmoja. Wazungu wana boti zao za mpira huko Zambezi, wanadhani wao ndio wa kwanza. Sisi tuliteremka mto wetu kwa tyubu za malori, na kiraka changu hakijawahi kuachia majini.

Na mwisho wa safari ulikuwa Shimo Refu. Nilikuwa nawakalisha pale juu ya jiwe, maji meusi chini, nawasimulia. Kwamba niliunga kamba za turubai za malori yote yaliyokuwa foleni, nikafunga habu, kile chuma kizito cha katikati ya gurudumu, nikateremsha, kamba ikaisha na habu bado inakwenda. Kwamba habu ile ilikuja kuonekana Zambia, imetokea kisimani kwa mtu, ina chapa yangu. Wewe ulikuwa mdogo, unasonga ugali wa wageni, na nikifika pale kwenye kisima unaitikia, "Ni kweli, hata mimi niliiona!" Kisha unapanda jiwe na kuruka, unapotea, wageni wanashika vichwa, unatokea mbali kule unacheka. Hapo hadithi yangu ilikuwa imethibitishwa. Bila wewe kuruka, mwanangu, mimi nilikuwa fundi pancha anayesema uongo kando ya maji.

Ukaanza kuyajua maji kuliko mimi. Nilikuona. Nilijifanya sioni, lakini nilikuona ukitupa majani makavu juu ya maporomoko madogo na kuyafuata kwa macho, ukijua tyubu itageukia wapi kabla haijageuka. Ndiyo maana wale wenye boti za Livingstone, huko Zambia, walipokuja kupita na kukuuliza umejifunza wapi, ukawajibu bila kufikiri, "Shimo Refu, kwa mjomba wangu." Wamekuita ukajifunze kazi kwao. Na wewe na mimi tukapeana neno: utakaa huko mpaka uive, halafu urudi na boti za kweli, kampuni iwe yetu, mwisho wa safari uwe pale pale kwenye jiwe.

Kwa ajili ya neno lile ndiyo unaondoka kesho. Sasa ngoja nikuambie neno lile limekaa juu ya nini.

Unakumbuka mwaka ule lilipokuja lori la wazungu, lile lenye viti kama basi, likakwama mpakani kwa ajili ya kibali? Niliwateremsha wote mtoni. Walifurahi, walipiga kelele, wakaungua jua wakawa wekundu kama matofali. Jioni kiongozi wao, yule kijana mwenye kofia ya majani, akaniambia, "Kapteni, pazuri sana hapa. Kasoro ufukwe tu." Akasema hivyo tu, akaendelea kunywa soda yake. Hakuniagiza kitu. Pengine alisahau kabla hajafika Nakonde.

Mimi sikusahau. Mtu amwambie Kapteni kuna kitu anakosa! Wiki ile ile nilikuja na mapanga, nikakupa moja. Pale juu kidogo ya Shimo, mto unapopinda, palikuwa na matete mazito kama ukuta. Bibi yako alikuwa anakata matete pale kila baada ya mavuno, ya mikeka na ya kuezekea, na alikuwa na sheria moja asiyoivunja: safu ya mbele, ile yenye miguu ndani ya maji, haikatwi. Aliiita kope za mto. Mimi nilikuwa nasikia kama maneno ya wazee tu.

Ulisimama na panga mkononi ukasema, "Mjomba, haya ya mbele Bibi alikataza."

Nikakujibu nini? Unakumbuka, najua. Nilisema, "Bibi yako hakuwahi kupokea mgeni kutoka Ulaya. Kata." Wewe mtoto ungefanya nini? Ulikata. Kwa hiyo hilo usilibebe, uliache hapa hapa kwenye karatasi. Mkono ulikuwa wako, akili iliyouamuru ilikuwa yangu.

Na ufukwe ukapatikana! Nisiseme uongo, ulipendeza. Kingo tuliichonga ikawa mteremko, tukaing'oa mizizi, mchanga ukajitandaza mweupe. Madereva wakaanza kuteremsha magari mpaka majini wakaosha vioo. Wafugaji nao wakaona njia rahisi, wakawa wananyweshea ng'ombe hapo. Nilikuwa natembea Tunduma nzima nikisema nimeileta Bahari ya Hindi kwenye mto wetu wa Momba, watu wa Dar wasituringie tena. Kila masika mchanga uliongezeka, na kila ulipoongezeka mimi nilifurahi. Nilikuwa nautazama mchanga unakuja. Sikuwahi kujiuliza unakwenda wapi.

Mwaka huu, wakati wewe unahangaika na pasi yako na mimi mvua imenifungia kazi ya mto, sikwenda huko miezi yote ya masika. Mvua zilipokatika tu, Ba Chanda akaja. Unamfahamu, yule dereva wa Kitwe mwenye tumbo na sauti ya kwaya, anayekuita wewe Madamu Captain. Alikuwa na wenzake, foleni haisogei, akasema, "Ba Kapteni, tupeleke tukaoge, mwili wote umekuwa dizeli." Tukaenda. Maji yalikuwa bado rangi ya chai ya maziwa, huoni hata kidole chako, na mimi nikaona ni kawaida ya baada ya mvua. Tyubu zilikuwa zinagusagusa chini njiani. Nikawaambia ni matumbo yenu hayo, punguzeni nshima, huo ugali wenu. Walicheka. Na mimi nilicheka, Enelesi. Mto ulikuwa unaniambia njia nzima, mimi nafanya mzaha.

Pale kwenye jiwe nikawakalisha kama kawaida. Nikasimulia kamba, nikasimulia habu, nikasimulia kisima. Hukuwepo wa kuitikia, basi nikaitikia mwenyewe. Ba Chanda akavua shati.

"Hakuna mwisho kabisa?" akauliza.

"Ukikuta mwisho," nikasema, "uniletee."

"Iwe, wewe Kapteni!" Akacheka, akajirusha, miguu mbele.

Wewe unaijua sauti ya mtu kuingia Shimo Refu. Ni sauti nene, inamezwa, halafu kimya. Safari hii ulikuwa mlio mfupi, kama gunia la mahindi limeangushwa sakafuni. Na hakupotea. Alikuwa amesimama palepale katikati ya maji, maji yamemfika kiunoni, wima kama nguzo, macho yametoka. Wenzake walikufa kwa kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Chanda umekuwa mti!" Mimi pia nilifungua kinywa nicheke.

Akasema polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ba Kapteni. Mwisho nimeupata."

Ndipo nikaona uso wake umekuwa rangi ya majivu. Alikuwa hawezi kutoka. Miguu ilikuwa imezama mchangani, na mmoja ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Tuliruka sote, na tuliporuka tukasimama. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Mtu anaruka akijiandaa kuogelea, mikono imeshaanza kupiga, halafu magoti yanagonga ardhi. Tulimfukua kwa mikono, watu wazima tunachimba katikati ya Shimo Refu kama watoto wanaotafuta viazi. Tulimlaza kwenye tyubu, yeye anauma shati lake asipige kelele.

Wenzake walipokuwa wanampandisha kwenye pikapu, mimi nilirudi majini. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kulikuta Shimo. Nilijiambia limesogea, liko pembeni kidogo, kitu kikubwa vile hakiwezi kwisha. Nikakunja suruali nikaanza kutembea. Nikatembea mpaka ng'ambo. Nikarudi kwa njia nyingine, nikafika tena kwenye jiwe. Hapo nikageuka nikatazama juu, pale mto unapopinda, kwenye ufukwe wangu.

Haukuwepo. Kingo yote ilikuwa imekatwa wima kama mkate, mizizi inaning'inia hewani, ule mkuyu mkubwa umelala na kichwa chake majini. Shamba la watu nyuma yake limeliwa nusu. Bahari yangu ya Hindi yote ilikuwa imeteremka kulala ndani ya Shimo. Na wale samaki wakubwa waliokuwa wanakaa chini kiangazi kizima wakisubiri mvua, sasa watasubiri wapi? Nilikaa chini pale kwenye maji. Wenzake Ba Chanda wakaniita, sikuweza kuitika. Mimi! Umewahi kuniona mimi nikikosa la kusema?

Ba Chanda yuko hapa mjini, mguu umefungwa plasta, lori lake limeendelea na dereva mwingine. Nilimpelekea uji na nilikuwa nimejipanga maneno mengi. Akanikatiza mapema. "Awe, hapana, Ba Kapteni. Mguu utapona. Yule binti wako anayekuja kwetu, amekwisha kuambiwa?"

Nikamwambia ndiyo.

Halafu Jumapili wewe mwenyewe ukaja hapa, umevaa lile gauni la kanisani, ukasema, "Mjomba, kabla sijaondoka twende nikaruke mara ya mwisho." Na kabla sijafikiri chochote mdomo wangu ukasema kuna kiboko mwenye mtoto amekaa njiani, amemfukuza mwenye baiskeli mpaka kwenye paa la nyumba. Ukacheka mpaka machozi. "Basi nitaruka nikirudi," ukasema, ukaenda kufunga mizigo. Nilibaki nimeshika kipande cha mpira. Kilichonishtua si kwamba nimekudanganya, maana nimekudanganya tangu unanyonya. Kilichonishtua ni picha niliyoiona: wewe umerudi, umekuja na wageni wako, unataka kuwaonyesha ulivyokuwa unafanya utotoni, unapanda jiwe. Na wewe, tofauti na Ba Chanda, huwa unaruka kichwa mbele.

Kalamu imenianguka hapo. Nimeiokota.

Huko uendako utakutana na mito mikubwa na watu wanaopenda kufurahishwa. Watakuambia pazuri, kasoro hiki. Tawi hili linaziba picha, jiwe hili lisogezwe, hapa pafyekwe tupate pa kukaa. Mgeni hana ubaya, yeye anasema tu na kesho yuko kwingine. Anayebaki na panga ni wewe. Siwezi kukufundisha la kujibu, maana mimi nilishindwa kulijibu. Naweza kukuambia tu kwamba siku ile nilikuwa na jibu kinywani mwa mtoto aliyesimama mbele yangu, nikalicheka.

Na kila mvua zikiisha, uingie wewe kwanza. Na mti wa kupimia, na kamba, na miguu yako mwenyewe, hata kama ni mahali ulipopajua maisha yako yote. Usimtegemee anayesimulia vizuri. Mgeni akikuuliza hapa pana kina gani na hujapima, mwambie hujui. Neno hilo mimi nimeishi miaka yote hii bila kulitamka, nililiona la watu wajinga. Lingenitoka siku ile, Ba Chanda angekuwa Kitwe kwake anaimba.

Kazi ya mto nimeifunga. Nimekwenda kwa wafugaji tukakubaliana wanyweshee chini zaidi, kwenye mwamba. Tumeanza kuchomeka vipande vya mizizi ya matete pale kingoni, mimi na yule mwenye shamba lililoliwa, ambaye bado hataki kunisalimia lakini anachimba. Vingine vimeshika. Vingi vimekufa. Shimo litarudi? Sijui. Umeona, nimelitamka.

Sasa lile neno letu. Ulilitoa kwa mto ambao haupo, na mtu aliyejua haupo alikuwa anakutazama tu ukifunga mizigo. Neno la namna hiyo halimfungi mtu. Ukipata maisha huko, ukapata mto mwingine, hakuna wa kukudai hapa, na mama yako nitamweleza mwenyewe.

Lakini sitaki ulichague hilo kwa barua, maana barua nayo ni maneno yangu. Basi la Nakonde linaondoka jioni, asubuhi tuna nafasi. Kukipambazuka nitakuwa nje na pikipiki, nimeshaijaza mafuta. Vaa viatu vya kutembelea, mama yako mwambie tunakwenda kuaga mto. Tukifika nitakaa kwenye jiwe, sitasema lolote, nimejiapia. Wewe ingia, tembea mwenyewe mpaka ng'ambo, uone kingo kwa macho yako. Ukirudi upande wangu uniambie kama unarudi Tunduma au hurudi. Lolote utakalosema, nitakupeleka mpakani na kukubebea sanduku.

Mimi mjomba wako,
wanayemwita Kapteni.